Wiki mbili niliongeza mizunguko bure: yaliyonikuta kwenye kutengeneza sumaku ya umeme nyumbani

Naandika hii kwa mzazi au mwanafunzi ambaye sasa hivi ana msumari mkononi, waya ameshauzungusha, betri ipo, na sumaku yake inaokota klipu tano tu za karatasi na hajui aguse wapi. Mimi nilikuwa hapo hapo. Binti yangu ana miaka 13, walipewa kazi ya sayansi shuleni, kila mmoja atengeneze sumaku ya umeme nyumbani halafu siku ya kuonyesha zishindanishwe ipi inabeba uzito mkubwa. Masharti yalikuwa betri za kawaida tu, hakuna kugusa umeme wa ukutani, na sumaku ya kununua hairuhusiwi. Walipewa wiki nne. Wiki mbili za kwanza zilituponyoka karibu zote na wala hatukuwa wavivu, tulikaa mezani karibu kila jioni, ila mimi nilikuwa nimeshikilia jambo moja kichwani nililolikumbuka tangu nilipokuwa shule, kwamba ukitaka nguvu ongeza mizunguko ya waya. Sio uongo. Lakini ni nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo ilitupotezea muda.

Siku ya kwanza kabisa hata mizunguko haikuwa tatizo. Nilitoa waya wa shaba kwenye kebo ya zamani, nikauchuna plastiki yote nikidhani shaba tupu ikigusa msumari ndiyo umeme unaingia vizuri kwenye chuma. Tukazungusha, tukaunganisha betri ndogo ya AA, klipu hata moja haikushika na betri ikaanza kupata joto mkononi mwangu. Kumbe umeme ulikuwa unakatiza njia, unaruka kutoka mzunguko mmoja kwenda wa mwisho kupitia msumari na kupitia waya zinazogusana, hauzunguki kabisa. Umeme lazima ulazimishwe kuzunguka, kwa hiyo waya uwe na ngozi. Waya mzuri wa kazi hii ni ule wa kusukia mota, wa shaba uliopakwa vanishi, kwa sababu vanishi ni nyembamba sana na mizunguko inakaa karibu karibu. Tukaupata, wa unene wa milimita 0.3, tukazungusha tena, na mara hii haikushika klipu hata moja na betri ikabaki baridi kabisa. Binti ndiye aliyegundua, akaniambia, "Mama, hii rangi si ipo mpaka mwisho wa waya?" Ipo kweli. Ile vanishi inazuia umeme popote, na kwenye ncha mbili za kuunganisha betri lazima uikwangue kwa msasa au kisu mpaka uone shaba inayong'aa pande zote, sio upande mmoja tu. Hilo peke yake lilikula jioni mbili.

Baada ya hapo ikaanza kufanya kazi, na ndipo nikaanza kosa langu kubwa. Msumari ulikuwa wa inchi 4, mnene kama milimita 5. Tulikuwa tunapima kwa kumwaga klipu kwenye bakuli, tunatumbukiza ncha ya msumari, tunainua taratibu, tunahesabu, mara tatu tatu halafu tunachukua ya katikati, na binti anaandika kwenye daftari. Daftari hilo ninalo hapa. Mizunguko 50, klipu 5. Mizunguko 100, klipu 8. Tulifurahi sana, nikamwambia unaona, tunaenda vizuri. Mizunguko 200, klipu 11. Mizunguko 400, klipu 12. Mizunguko 600, ambayo ilituchukua jioni nzima na shingo ikaniuma kwa kuinama, klipu 12. Msumari ulikuwa umenenepa kama kidole gumba na hesabu haijasogea. Nilimwona anaandika ile 12 ya pili polepole halafu akaiwekea mduara, hakusema kitu, na mimi moyo ukanishuka maana mimi ndiye niliyemwambia aendelee kuzungusha.

Nikaona basi shida ni betri, volti ni chache. Nikaleta betri ya volti 9, ile ya mraba. Hii ilinidanganya vibaya kwa sababu mwanzoni ilifanya kweli, zilishika klipu zaidi ya ishirini tukapiga makofi, lakini tukiwa tunahesabu tayari zinaanza kudondoka moja moja, jaribio la tatu zilikuwa kama kumi, na nilipoushika waya kuuchomoa ulikuwa wa moto nikapata lengelenge kwenye kidole. Ile betri ndani yake ni vibetri sita vidogo vimepangwa mfululizo, volti zipo lakini haiwezi kusukuma umeme mwingi kwa muda, inachoka upesi sana. Na mimi nilikuwa nimeshailazimisha ipitishe umeme wa ampia kama mbili kwenye kawaya kama uzi. Usifanye hivi na mtoto, na kama ni lazima ujaribu basi unganisha kwa sekunde chache tu na ushike kwenye plastiki, sio kwenye koili, yaani ule waya uliozungushwa.

Kinachonitisha mpaka leo ni hatua iliyofuata niliyotaka kuchukua. Kulikuwa na betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, nikafikiri ndani yake kuna seli zenye nguvu, nizitoe. Bahati njema nilikuwa nimepanga kwenda kwanza kwa fundi mmoja anayesuka mota zilizoungua kumuomba waya mnene kidogo, nikamtajia. Aliweka chini alichokuwa nacho mkononi akaniambia mama, hapo usijaribu. Seli za lithiamu zikikutana na waya mfupi wa shaba zinamwaga umeme mwingi sana kwa mara moja, zinaweza kuwaka moto au kulipuka, na koili kwa betri ni karibu sawa na kuikutanisha chanya na hasi. Kwa hiyo hakuna betri ya simu, hakuna ya kompyuta, na pia watu wanaofungua oveni za maikrowevu kutafuta transfoma waache, mle ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji ya kuua mtu hata kama imechomolewa ukutani.

Huyo fundi ndiye aliyenifungua macho. Nilimwonyesha msumari wetu wenye mizunguko 600, akaugeuza geuza, akauliza swali moja: "Mama, waya umeongeza, betri nayo umeiongeza?" Nikamwambia betri ni ile ile. Akachukua maltimita, akapima koili yetu, ikasoma omu 3 na kitu za ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Halafu akaniambia kitu ambacho natamani ningekisikia siku ya kwanza: nguvu ya koili haitokani na mizunguko peke yake, ni mizunguko mara ampia zinazopita. Ukiongeza mizunguko unaongeza urefu wa waya, waya ukirefuka ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda ampia zinashuka. Unaongeza huku unapunguza kule.

Nikarudi nyumbani tukakaa na binti tukapiga hesabu, na hapa naomba usiruke maana ndiyo kiini chenyewe. Waya wa shaba wa milimita 0.3 una ukinzani wa karibu omu 0.24 kwa kila mita. Mzunguko mmoja kwenye msumari wetu unakula karibu sentimita 2 za waya. Betri ya AA nayo ina ukinzani wake wa ndani, tuliweka omu 0.3 pamoja na viunganishi. Mizunguko 50 ukinzani wote unakuwa kama omu 0.5, ampia karibu 3, ukizidisha unapata kama 150. Mizunguko 100 inatoa kama 200. Mizunguko 200, kama 240. Mizunguko 400 imekula mita 8, omu karibu 2.2 kwa jumla, ampia 0.7 hivi, jumla kama 270. Na mizunguko 600? Kama 270 hiyo hiyo, kwa sababu matabaka ya juu yana mzunguko mrefu zaidi kwa hiyo kila mzunguko unakula waya mwingi kuliko wa chini. Binti akaweka hizo namba pembeni ya klipu zetu, 5, 8, 11, 12, 12, akaniangalia. Daftari letu lilikuwa limesema ukweli muda wote sisi ndio tulikuwa hatujui kulisoma.

Kwa hiyo mizunguko inasaidia mwanzoni, wakati ukinzani wa ndani wa betri ndiyo mkubwa kuliko wa waya. Waya ukishaizidi betri, kuongeza mizunguko kunakuongezea muda wa betri na kupunguza joto, ambavyo ni vitu vizuri, ila nguvu haiongezeki. Pale unapofika dari, kinachotakiwa ni waya mnene zaidi. Ukinzani unafuata eneo la mkato, waya wa milimita 0.8 una ukinzani mara saba chini ya wa 0.3.

Tukabadilisha. Waya wa milimita 0.8, mizunguko 200 kwenye msumari mwingine wa aina ile ile. Sasa shida ikahamia kwenye betri, AA ilikuwa inapata joto na kuchoka haraka kwa sababu koili ilikuwa inavuta ampia zaidi ya tatu. Tukahamia kwenye betri kubwa, zile nene za tochi, mbili zimeunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti inabaki 1.5 lakini zinagawana kazi na ukinzani wa ndani unapungua. Hapa ziwe za aina moja na mpya zote mbili, ukichanganya mpya na iliyochoka ile mpya itaanza kuilisha mwenzake.

Nilitegemea makubwa. Hesabu ilisema tumetoka 270 tumefika kama 670 au zaidi, mara mbili na nusu. Klipu zikatoka 12 zikafika 19. Ni nzuri, lakini si mara mbili na nusu, na jioni ile nililala nikiwa na mawazo kwa sababu nilidhani tumeshapata siri yote. Jibu ni kwamba chuma kinashiba. Msumari mwembamba ukishafika kama tesla 2 hivi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) umejaa, ukiongeza umeme juu ya hapo unachopata ni kidogo sana na joto tele. Msumari wetu wa milimita 5 ulikuwa umekaribia hapo. Haukuwa tena na nafasi.

Kabla sijaendelea niseme haraka kuhusu chuma chenyewe maana tulijaribu vingi. Bolti moja inayong'aa isiyoshika kutu tuliyoitoa kwenye droo haikufanya chochote, aina nyingi za chuma hicho hazivutwi na sumaku, kwa hiyo jaribu kwanza na sumaku ya mlango wa friji, isiponasa achana nayo. Bisibisi ilifanya kazi lakini ilibaki sumaku hata baada ya kuchomoa betri, hiyo ni kawaida ya chuma kigumu. Unachotaka ni chuma laini, cha bei ya chini kabisa, ambacho hakijakomazwa. Bolti zenye alama ya 8.8 kichwani zimekomazwa, ziache.

Sasa jambo ambalo lilibadilisha kila kitu, na nasikitika tulilifikia wiki ya tatu. Msumari ulionyooka unatumia ncha moja tu, na nguvu ya sumaku inatoka ncha moja inazunguka hewani safari ndefu kurudi ncha nyingine, na hewa ni njia mbaya sana kwake. Ukikunja chuma kikawa kama kiatu cha farasi, ncha zote mbili zinashika kipande kimoja cha chuma, na njia nzima inakuwa chuma mwanzo mwisho. Watu walijua hili mapema mno. Oersted, mwanasayansi wa Denmark, aliona sindano ya dira ikicheza karibu na waya mwaka 1820, na ilipofika 1825 William Sturgeon wa Uingereza alikuwa ameshaonyesha chuma cha umbo hilo hilo chenye uzito wa kama gramu 200, mizunguko 18 tu ya waya, kikabeba karibu kilo 4. Mizunguko 18! Sisi tuna 600 tunaokota klipu. Sturgeon alipaka vanishi chuma chenyewe na kuacha nafasi kati ya waya kwa kuwa waya wake ulikuwa mtupu, halafu Joseph Henry wa Marekani akaufunika waya wenyewe kwa hariri ili aweze kuusuka kwa tabaka, akagawa koili nyingi fupi badala ya moja ndefu ili betri iweze kuzisukuma, na mwaka 1831 sumaku aliyoitengenezea chuo cha Yale ilibeba zaidi ya kilo 900. Nilipomsimulia binti akasema kumbe alikuwa na tatizo letu. Ndiyo, la kwetu kabisa, kulinganisha waya na betri.

Tukapeleka kipande cha nondo laini ya mviringo, milimita 12 unene, sentimita 25 urefu, kwa fundi wa kuchomelea. Alikipasha mpaka kikawa chekundu akakikunja kuwa U, nikamuomba asikitie kwenye maji, akakifukia kwenye majivu kipoe polepole mpaka kesho yake. Hilo la kupoa polepole ni muhimu, chuma kinalainika kwa upande wa sumaku, kinashika na kuachia kirahisi. Nilipokichukua kilikuwa kimejaa magamba meusi.

Tukafunga tepu kwanza juu ya chuma ili vanishi ya waya isikwaruzwe, tukasuka mizunguko 120 kila mguu, tabaka mbili mbili. Tabaka la pili unarudi ulikotoka lakini mkono unazunguka upande ule ule, ukigeuza mzunguko lile la juu linalifuta la chini. Hilo tulilijua. Ambalo hatukulijua ni la miguu miwili. Tulisuka mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa kabisa, kama mapacha, tukaunganisha, tukaweka kipande cha bapa la chuma chini kimefungwa ndoo tupu, ikainuka kiasi cha unywele na kuanguka. Nilikaa chini. Kazi ya siku tatu ile. Nikaanza kufungua mguu mmoja wote, mizunguko 120, vanishi ikachubuka sehemu mbili ikabidi tukate waya na kuanza upya.

Na haikuwa lazima kufungua kabisa! Tungechukua dira ndogo, au hata sindano iliyosuguliwa kwenye sumaku ikaning'inizwa kwa uzi, tukaisogeza kwenye kila ncha, tungeona ncha zote mbili zinavuta upande ule ule wa sindano, maana yake zote ni aina moja, zote kaskazini au zote kusini, zinapigana. Dawa yake ni kubadilishana tu nyaya mbili za mguu mmoja, ya kuingia iwe ya kutoka. Dakika moja. Ukitazama U kutoka upande wa ncha zake, umeme uzunguke kisaa kwenye mguu mmoja na kinyume chake kwenye mwingine, ncha moja iwe kaskazini nyingine kusini. Tafadhali pima na dira kabla hujafungua waya wowote.

Tulipounganisha vizuri tukaanza kupima kwa maji, njia ninayoipenda sana kwa sababu lita moja ni kilo moja na huhitaji mzani. Sumaku imefungwa chini ya kiti kwa kamba, bapa linaning'inia na ndoo chini yake, sentimita tatu tu kutoka sakafuni na kitambaa kimetandikwa, miguu ya watu iwe mbali. Binti anamimina kikombe kimoja kimoja. Ndoo ikaachia kwenye lita 3 na nusu. Kwetu hiyo ilikuwa sherehe, kutoka klipu mpaka ndoo. Lakini nilipochuchumaa nikaangalia pale bapa linapogusana na ncha, niliona mwanga unapita. Upande mmoja ulikuwa umegusa, mwingine umeinuka kidogo, na yale magamba meusi bado yapo, na bapa lenyewe lilikuwa na rangi.

Hapo tena tulipiga hesabu. Pengo la milimita 0.1 tu kwenye kila mguu, unene kama wa karatasi, linahitaji kama ampia-mizunguko 160 (ile hesabu yetu ya mizunguko mara ampia) kulivusha kwa tesla 1, na hiyo ni kabla hujalipa chochote kwa ajili ya chuma. Pengo la nusu milimita linahitaji 800, zaidi ya yote tuliyokuwa nayo. Na nguvu ya kushika inafuata mraba wa hiyo tesla, yaani ikipungua nusu unabaki na robo ya mzigo. Kwenye tesla 1 kila sentimita mraba ya mgusano inaweza kushika karibu kilo 4, kwa hiyo chuma chetu kilikuwa na uwezo mkubwa ambao ulikuwa unapotelea kwenye kamwanya kadogo na rangi.

Tupa moja ya kusugulia chuma, msasa, na kioo. Nilibana U kwenye jiliwa nikasugua ncha zote mbili kwa pamoja ili ziwe usawa mmoja, halafu tukalaza msasa juu ya kioo na kusugua mbele na nyuma. Unapaka wino wa kalamu kwenye ncha, unasugua, pale wino ulipobaki ndipo bado pako chini, unaendelea mpaka wino wote uondoke. Bapa nalo tukalitoa rangi, na tukabadilisha la kwanza lililokuwa jembamba kama milimita 2, maana bapa jembamba nalo linashiba na kuziba njia, tukaweka la milimita 10. Waya ule ule, betri zile zile. Binti akaanza kumimina. Lita 4, 5, 6, nikaanza kuogopa kiti. Lita 8. Akapunguza akawa anamimina nusu kikombe huku amebana pumzi na mkono mwingine ameshika ukingo wa meza, mpaka lita 11 ndipo ikaachia, na maji yakatapakaa chumba kizima na yeye anaruka ruka ndani yake.

Kilichobaki kilikuwa vitu vidogo ambavyo vingetuumiza siku yenyewe. Cha kwanza, sumaku ilikataa kuachia. Ukichomoa betri bapa linabaki limenasa, unaweza hata kuning'iniza kikombe, kwa sababu njia yote ni chuma na hakuna pengo la kuivunja. Tukabandika kipande cha karatasi nyembamba ya kufungia zawadi kwenye ncha moja, ikawa inaachia hapo hapo, tukapoteza kama lita moja na nusu tukaona ni haki yake maana mwalimu alitaka iwashwe na izimwe. Cha pili, kila nikichomoa waya kulikuwa na cheche, na siku moja nilikuwa nimeshika ncha zote mbili kwa vidole nikapigwa kashoti kadogo, betri ya volti 1 na nusu! Koili inapokatwa ghafla inarudisha nguvu iliyokuwa imehifadhi, volti zinapanda kwa mpigo. Dayodi moja ya kawaida, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya ncha mbili za koili inatosha, mstari wake uelekee upande wa chanya, ukiigeuza itakuwa njia ya mkato ya betri.

Cha tatu ni joto. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, koili ikipanda nyuzi 50 umeshapoteza umeme kama moja ya sita bila kugusa kitu. Kwa hiyo majaribio ya karibu karibu yanakudanganya, kila linalofuata ni dhaifu kuliko lililopita na utafikiri umeharibu kitu. Tulijiwekea kanuni, sekunde kumi imewashwa, dakika mbili imepumzika. Na swichi iwe ya kubonyeza, ile ambayo ukiachia inazima yenyewe, sio ya kuwasha na kuacha. Hilo tulijifunza usiku wa kuamkia maonyesho. Binti alikuwa amefanya jaribio la mwisho akaenda kulala, swichi ikabaki imewaka, asubuhi betri zote mbili hazina kitu. Alilia. Nilikuwa na betri mbili mpya kwenye begi langu kwa sababu ya ile ya volti 9 iliyoniacha njiani, nikamkabidhi, tukakubaliana asiziunganishe mpaka zamu yake ifike.

Akanipigia simu mchana kwa simu ya mwalimu. Hakunisalimia, alianza na namba: "Mama, lita tisa na nusu, na karatasi ipo."